Matia Mulumba, Baba wa Nyumba

Katika jubilei twawakumbuka Mapadre wa kwanza. Yafaa vilevile tumkumbuke baba mmoja wa nyumba. Matia Kalemba Mulumba alizaliwa Busoga, akachukuliwa mateka utotoni, akalelewa Buganda. Alipokuwa mtu mzima alikuwa na cheo chini ya chifu wa Singo, na wake kadha wa kadha. Neno la Mungu lilipomwingia moyoni, akabaki na mke mmoja, Kikuvwa, akabatizwa tarehe 28 Mei, 1882. Tena mwenye cheo huyo hakuona haya kufinyanga vyungu na kutengeneza ngozi kwa mikono yake.

Novemba mwaka ule Mapadre waliondoka Buganda, wasirudi mpaka 1885. Ndipo Matia na wenzake wa Mityana wakafundisha wenyewe, na kundi likaongezeka. Mei 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, alikatwa viungo katika kilima cha Kampala, akaachwa afe. Mwaka 1964 Kanisa lilimtangaza Mtakatifu.

Basi, ndugu wapendwa, tusidhani imani yalindwa na Mapadre peke yao. Miaka ile ilitunzwa na akina baba wafanyao kazi, nyumbani mwao.