Kihami cha Kupulizwa Kutani
Ni nyuzi za magazeti makuukuu yaliyosagwa na kutiwa chumvi ya borati ili zisishike moto upesi, au nyuzi za kioo, zipulizwazo kwa mashine katika uwazi wa kuta za nje za nyumba iliyokwisha kujengwa. Aghalabu kazi hii hufanywa Marekani na Kanada, ambako nyumba nyingi za mbao za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ziliachwa na kuta tupu, joto likipotea majira ya baridi. Fundi hubandua baadhi ya mbao za nje, akatoboa tundu la sentimita 5 hivi katika kila nafasi baina ya nguzo, akaingiza mpira wa mashine hadi mwisho, kisha akauvuta taratibu kadiri uwazi unavyojaa. Na ushindiliaji ndio ustadi wenyewe, kwani nyuzi za karatasi zisizoshindiliwa barabara, yaani kiasi cha kilo 56 kwa mita ya ujazo, hushuka baadaye zikaacha pengo juu. Vumbi la kazi hii, tusifiche, ni adha. Kabla ya yote huondolewa nyaya za umeme za kale zilizotundikwa kwenye vishikizo vya kauri, maana hupozwa na hewa ya uwazi huo tu, na huzibwa kila penyo la mvua.