Nuru Isiyoonekana na Kiasi Chake

Atokaye Soweto West, mtaa mmojawapo wa Kibera, akashika njia ya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, hana safari ndefu. Hospitali hiyo ilianzishwa mwaka wa 1901, wakati picha za eksirei zilipokuwa bado jambo geni duniani. Leo, katika hospitali kubwa za Nairobi, tabibu aweza kuitazama mishipa ya moyo wa mtu aliye hai bila kumpasua kifua. Lakini nuru impayo tabibu macho hayo hudhuru ikizidi. Na tutazame jinsi wanadamu walivyojifunza kuipima.

Mwaka wa 1895 Wilhelm Röntgen, mwalimu wa chuo kikuu huko Ujerumani, aligundua mionzi ipenyayo nyama, akapiga picha ya mifupa ya mkono wa mkewe. Dunia ilishangilia, wala wengi hawakuogopa. Huko Marekani, Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, aliijaribu mitambo hiyo kwa kuweka mikono yake mwenyewe mbele ya mionzi. Mikono ikafanya vidonda, vidonda vikawa saratani. Akakatwa mikono, na mwaka wa 1904 akafa. Wengine wengi walimfuata. Mwaka wa 1936 mnara wa kuwakumbuka ulisimamishwa mjini Hamburg, umeandikwa majina yao.

Wahenga walisema, ukupigao ndio ukufunzao. Mwaka wa 1928 wataalamu walikutana Stockholm, wakaunda baraza la kuweka kanuni za kujikinga. Kutokana na kazi yake tumepata mambo mawili makuu: mgonjwa asipigwe mionzi pasipo haja, na ikiwapo haja, apewe kiasi kidogo kabisa kitoshacho kuonyesha ugonjwa.

Baadaye ikaja mashine ya CT, izungukayo mwili na kuupiga picha kutoka pande zote, kisha kompyuta huziunganisha picha hizo. Hesabu zake zilifikiriwa na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alipokuwa akifanya kazi katika hospitali moja ya Cape Town mwaka wa 1956. Mwingereza Godfrey Hounsfield aliiunda mashine yenyewe, na mgonjwa wa kwanza akapigwa picha mwaka wa 1971. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1979.

Moyo, hata hivyo, ulikuwa na shida yake: hautulii. Ili wasiikose picha, wapigaji waliiacha mionzi ikiwaka muda wote moyo ulipokuwa ukidunda. Mwaka wa 2007 hospitali 50 duniani zilipochunguzwa, ilionekana kwamba kwa kawaida picha moja ya moyo ilimpa mgonjwa mionzi karibu sawa na ile tuipokeayo sote kutoka ardhini na angani kwa miaka mitano.

Basi wataalamu walitafuta njia. Mgonjwa hupewa dawa ya kutuliza mapigo. Nyaya zilizobandikwa kifuani huiambia mashine ni lini moyo umepumzika, nayo huwasha mionzi kwa nukta hiyo tu. Mtu mwembamba hupigwa kwa nguvu ndogo kuliko mnene, na mionzi haivuki mipaka ya moyo. Uchunguzi uliporudiwa mwaka wa 2017, mionzi ilikuwa imepungua kwa asilimia 78, wala picha zisizosomeka hazikuongezeka.

Kenya nayo haikulala. Sheria ya kuwakinga watu na mionzi ilitungwa mwaka wa 1982, na sheria ya mwaka wa 2019 ikaunda Mamlaka ya kusimamia mambo ya nyuklia.

Tena kuna kinga iliyo bora kuliko zote, nayo ni kutotumia mionzi pasipohitajika. Watoto wengi wa Afrika Mashariki, hasa wakaao katika nyumba zenye msongamano, huharibika vali za moyo kwa ugonjwa uanzao kama maumivu ya koo tu. Hao hutazamwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, isiyo na mionzi hata chembe. Na koo likitibiwa mapema, moyo husalimika.

Wewe msomaji, siku utakapopelekwa kupigwa picha, usiogope, bali uliza kwa adabu: je, picha hii ina haja, na mionzi yake ni kiasi gani? Swali hilo lilinunuliwa kwa mikono ya Dally na wenzake. Si vema tuliache lipotee.