Barua ya kazi ya Wangari

Leo naacha programu pembeni kidogo, tuangalie historia.

Hapa Majengo, Meru, binti aliyefaulu hesabu na sayansi anaweza kupanda matatu hadi Nchiru, kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopewa hati yake mwaka 2013. Upande wa pili wa Mlima Kenya, kule Nyeri, mwaka 1940 alizaliwa binti ambaye safari yake ilikuwa ndefu zaidi: Wangari Maathai. Septemba 1960 alikuwa mmoja wa wanafunzi takriban 300 waliopelekwa kusoma Marekani kwa mpango uliojulikana kama Kennedy Airlift. Alipata shahada ya biolojia Kansas mwaka 1964, kisha ya uzamili Pittsburgh.

Wengi tunaishia hapo: ufadhili ukapatikana, msichana akafaulu, hadithi ikaisha. Haikuisha, ndugu msomaji. Januari 1966 alirudi Nairobi na barua ya kazi ya usaidizi wa utafiti katika idara ya zuolojia ya chuo kikuu. Akaambiwa nafasi imeshapewa mtu mwingine. Mwenyewe aliamini alinyimwa kwa sababu ni mwanamke, na kwa sababu ya kabila lake.

Shahada mbili, na hana kazi! Aliyemfungulia mlango ni profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, aliyempa kazi katika idara ya anatomia ya mifugo. Mwaka 1971 Wangari akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya udaktari. Hata hapo, yeye na mwenzake Vertistine Mbaya walilazimika kupigania marupurupu sawa na ya wahadhiri wanaume. Tuzo ya Nobel ya Amani ilikuja mwaka 2004.

Mwaka huohuo wa 2004, Dorcas Muthoni, mhitimu wa sayansi ya kompyuta wa Nairobi, alishiriki kuanzisha LinuxChix Africa, mtandao wa wanawake wanaofundishana kompyuta. Mwaka 2010 Judith Owigar na wenzake wakaanzisha AkiraChix kwa lengo kama hilo. Hawa hawakungoja apatikane Hofmann mwingine. Walianza kufunguliana milango wao kwa wao.

Kwangu mimi, funzo ni hili: karo humfikisha binti mlangoni, lakini mlango hufunguliwa na aliye ndani. Sisi wa fani hii ndio tulio ndani. Kama una ofisi, hata ya kompyuta tatu, mpe mwanafunzi mmoja nafasi ya mafunzo kazini. Na mpe kazi yenyewe, aandike programu itakayotumika. Usimweke pale wa kuchemsha chai.

Ni hayo kwa leo.