NBC na Miaka ya Riba Isiyofua Dafu

Februari 6, 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, Serikali ya Tanzania ilitaifisha mabenki. Biashara ya mabenki hayo ikakusanywa ndani ya chombo kimoja, Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Riba ikawa inapangwa na serikali, tena chini, ili viwanda na kilimo vipate mtaji wa bei nafuu.

Nia ilikuwa njema. Tatizo lilikuwa mkopaji. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mamlaka za mazao zikachukua kazi ya kununua pamba, korosho na mengineyo. Msimu ukifika, mamlaka ilikopa NBC ili imlipe mkulima. Ikauza kwa hasara, deni likabaki, na msimu uliofuata ikarudi dirisha lilelile. Benki ya serikali ingemnyimaje mkopo mtoto mwingine wa serikali? Kisha vikaja vita vya Kagera vya 1978–79 na bei ya mafuta kupanda, na Hazina ikaziba pengo la bajeti kwa kukopa Benki Kuu, yaani kwa noti mpya.

Shilingi zikazagaa, bidhaa zikaadimika. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 bei zilipanda kwa takriban asilimia 30 kwa mwaka, na riba ya akiba haikufua dafu. Tuseme mtu aliweka Sh 1,000 kwa riba ya asilimia 10. Baada ya mwaka alichukua Sh 1,100, ambazo dukani zilinunua vitu vya Sh 846 za mwaka uliopita. Hakuna bunge lililopitisha kodi hiyo ya mfumuko wa bei, lakini aliilipa.

Sukari na sabuni zikawa za foleni au za mlango wa nyuma. Mwaka 1983 serikali ikawakamata walioitwa wahujumu uchumi, kana kwamba walanguzi ndio waliokuwa wakichapisha noti.

Mwaka 1986 serikali ya Rais Mwinyi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF: shilingi ishushwe thamani, riba ipandishwe. Tume ya Charles Nyirabu, gavana wa zamani wa Benki Kuu, ikapendekeza mageuzi ya mabenki, na sheria ya 1991 ikawafungulia mlango wenye mabenki binafsi. Lakini mikopo chechefu, ile isiyolipwa, ilikuwa imeshakula mtaji wa mabenki ya serikali. Benki ya Nyumba ilifungwa 1995. NBC iligawanywa 1997, na mwaka 2000 Absa ya Afrika Kusini ikanunua asilimia 55 ya hisa zake.