Kijiti cha muhogo kilitoka mbali

Muhogo unaotupa sombe hapa Kipushi haukuanzia Afrika. Wareno waliutoa Brazili katika karne ya 16, wakaufikisha mwambao wa Kongo. Toka pale ulipita mkono kwa mkono mpaka Katanga, bila mbegu, kwa kijiti tu. Mgodi wetu uliposimama mwaka 1993 na mishahara ikakosekana, shamba lilibeba nyumba nyingi.

Ninyi mliokimbia vita mkaacha mashamba, ombeni jirani kijiti cha sentimita 20 hadi 25, kutoka mti usio na majani yaliyojikunja yenye madoa ya njano. Kipandeni ndani ya lupango mvua zikianza, macho yatazame juu. Mwenyeji, usimnyime mgeni: hata sisi tulipewa.