UZI: Kutoka kipande cha shingoni hadi kamera inayosoma moyo

1/ Mjadala wa vitambulisho vya kidijitali ukianza tu, hakosi mtu wa kusema: "Kama huna la kuficha, waogopa nini?" Naandika kutoka Samburu, ile ya Kwale kwenye barabara ya Mombasa–Nairobi, msije mkanipeleka kaunti ya kaskazini. Huku wazee bado huita kitambulisho "kipande". Tuanze na neno hilo.

2/ Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika. Vita vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa 1919. Kuanzia miaka 16, mwanamume alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake na rekodi ya kazi na mshahara, ndani ya kikebe cha chuma shingoni. Wengine walikifananisha na kengele ya mbuzi. Ukimtoroka mwajiri, kipande ndicho kilichokukamatisha.

3/ Kuchovya kidole kwenye wino hakuumi. Kilichouma ni nani anayeishika ile alama, na anaifanyia nini. Shikeni hapo.

4/ Sasa kamera. Moyo ukipiga, damu hujaa kidogo kwenye ngozi ya uso na kunyonya mwanga, hasa wa kijani. Rangi hubadilika kiasi ambacho jicho halioni, lakini kamera ya kawaida huona. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa mwanga wa kawaida unatosha kupata mapigo hivyo. 2010, wenzao wa MIT wakatumia kamera ya kompyuta. Pumzi nayo husomwa kwa kifua kinavyopanda na kushuka.

5/ Faida zipo, tusizikatae. Mtoto njiti ana ngozi laini, na kumbandua vibandiko vya mashine kunaweza kumuumiza. Fikiria wodi ya Msambweni ikimwangalia mtoto kama huyo bila kumgusa.

6/ Ila kuna shida: melanini, ile inayotupa weusi, nayo hunyonya mwanga, kwa hiyo kamera hupata ishara dhaifu kwetu. Hata kifaa cha kidole cha kupima oksijeni kina kasoro hiyo. Utafiti wa Marekani wa 2020 ulikuta kiliwakosea wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe, kikionyesha wako sawa kumbe oksijeni imeshuka. Kwa hiyo tuulize: kimejaribiwa kwa ngozi ya nani?

7/ Tena, moyo kwenda mbio si ushahidi wa uongo. Homa huukimbiza, jua la Samburu huukimbiza, na kusimamishwa na polisi ndiyo usiseme. Mtu akitaka kuuza kamera ya "kugundua waongo" kwenye vituo vya ukaguzi, mwambieni hivyo.

8/ Sheria tunazo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya afya na alama za mwili kuwa data nyeti. Januari 2020 Mahakama Kuu ilizuia Huduma Namba kukusanya DNA. Agosti 2023 serikali ilisimamisha Worldcoin baada ya watu kupanga foleni Nairobi kupigwa picha ya macho, na 2025 mahakama ikaamuru data hizo zifutwe.

9/ Lakini angalia tofauti. Kwa alama ya kidole, unatoa mkono. Kwa jicho, unapanga foleni. Kwa moyo, video tu yatosha: ya mkutano wa hadhara, ya dukani, ya feri pale Likoni. Hakuna anayekuomba ruhusa, na wewe hujui kama umepimwa.

10/ Kwa hiyo anayeomba kura akikuahidi "kamera za kisasa", muulize matatu: zinapima nini, data inakaa kwa nani, inafutwa lini? Babu zetu angalau kikebe walikiona, na uzito wake waliusikia shingoni. Hiki hatutakiona.

Wewe wasemaje?