Maktaba ya Ngamia: Miaka 30 ya Msafara wa Garissa

Tarehe 14 Oktoba 1996, ngamia watatu walitoka kwenye maktaba ya mkoa mjini Garissa wakiwa na mzigo ambao mgongo wa ngamia wa huko haukuuzoea. Mmoja alibeba masanduku mawili ya vitabu, kila sanduku vitabu 200. Wa pili alibeba hema. Wa tatu alibeba vifaa vingine vya kazi. Mkutubi na wachunga ngamia walitembea kwa miguu. Ndivyo ilivyoanza Maktaba ya Ngamia, chini ya Huduma za Maktaba za Taifa ambazo bodi yake iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965. Oktoba 2026 msafara huo unatimiza miaka 30.

Sababu ya kuchagua ngamia ni rahisi kueleza. Gari la maktaba lingeweza kufika pale barabara inapofika, na wakati ule ukishavuka mji wa Garissa ulikuwa unaiacha lami nyuma. Mbele ni mchanga wakati wa jua na tope wakati wa mvua. Zaidi ya hayo, msomaji mwenyewe hakai mahali pamoja. Anafuata malisho, na malisho yanafuata mvua. Jengo liwe zuri kiasi gani halimsaidii mtoto ambaye wazazi wake wamekwisha kubomoa nyumba na kuipakia.

Wakuu wa huduma hiyo walikuwa wakitaja takwimu moja kila walipoulizwa: katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki asilimia 85.3 ya watu hawakujua kusoma na kuandika, ilhali kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 31. Anayeishi mbali akiisoma takwimu hiyo atadhani kitabu kilikuwa kigeni huko. Hakikuwa kigeni. Vizazi kwa vizazi watoto wa wafugaji wamesoma dugsi, chuo cha Kurani, wakiandika aya kwenye ubao wa mti kwa wino wa makaa, na mwalimu akihama pamoja na kambi. Kuhama na masomo kulikuwepo kabla serikali haijalifikiria wazo hilo.

Na serikali hiyo ilikuwa na historia yake pale. Enzi za mkoloni eneo lote liliitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na sheria za maeneo yaliyofungwa zilimzuia mtu kuingia au kutoka bila kibali. Uhuru ulikuja pamoja na vita vya Shifta, vya wenyeji waliotaka kujitenga na Kenya, na hali ya hatari iliyotangazwa mwishoni mwa 1963 haikuondolewa hadi 1991. Katikati yake kuna mauaji ya Bulla Kartasi, Garissa, mwaka 1980, na Wagalla, Wajir, mwaka 1984, mambo ambayo Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika katika ripoti yake ya 2013. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali walipangwa foleni wakaguliwe uraia wao na kupewa kadi ya peke yao. Kwa mzee wa Kaskazini Mashariki, karatasi ya serikali ilikuwa kitu cha kuonyesha askari. Miaka mitano tu baada ya hali ya hatari kuondolewa, serikali hiyohiyo ikaja na karatasi za kuazimwa, za kukaa nazo siku 14 bila kulipa. Sherehe yoyote ya miaka 30 ikiliacha jambo hili nje itakuwa imesherehekea wanyama tu.

Kazi yenyewe huanza kwa kupakia. Ngamia anapigishwa magoti, na mgongoni hutandikwa mikeka mizito kwanza, ili mbao zisimchubue. Kwenye nyumba za kuhamahama mikeka ya namna hii, heeryo, husukwa na akina mama kwa nyuzi za magome ya miti, na hutumika pia kufunika nyumba. Juu ya mikeka hufungwa fito na kamba, kisha masanduku yananing'inizwa, moja ubavu huu na jingine ubavu ule. Lazima yalingane. Sanduku moja likizidi jingine, tandiko zima linateleza na ngamia anagoma, na ngamia akigoma hakuna mkutubi wa kumshawishi. Kwa hiyo anayepanga vitabu hupanga kwa uzito, kamusi na vitabu vya kiada vikigawanywa pande zote mbili, jambo ambalo hutalikuta katika mwongozo wowote wa ukutubi. Ujuzi wa kupakia haukutoka Nairobi. Ni uleule wa kuhamisha nyumba, na umehifadhika kwa sababu unatumika.

Msafara ukifika mahali kama Bulla Iftin, hema husimikwa, mikeka hutandikwa chini, vitabu hutolewa. Watoto huketi na kuchagua. Wanachotafuta wengi ni vitabu vya kiada, kwa kuwa shuleni kitabu kimoja huwa cha wanafunzi wengi. Vingi kati ya vilivyobebwa vimekuwa vya Kiingereza na Kiswahili. Hilo linaeleweka, maana mitihani ni ya lugha hizo. Lakini ni pengo. Kisomali kina maandishi rasmi ya Kilatini tangu 1972, na utungo wa watu hawa una sifa Afrika nzima. Mtoto anayesikia mashairi ya babu yake jioni angestahili kuyakuta ndani ya sanduku mchana.

Umaarufu ulikuja haraka, na si wote ulikuwa na faida. Mwandishi wa Marekani Masha Hamilton alitoa riwaya mwaka 2007, The Camel Bookmobile, ambayo kisa chake kinazunguka vitabu visivyorudishwa, na vitabu vya msaada vikaanza kutumwa Garissa. Picha ya ngamia na vitabu ilizunguka dunia. Watu wa msafara wakaonekana kama kioja, ilhali duniani wana wenzao: mikokoteni ya punda ya Nkayi nchini Zimbabwe, punda wa Luis Soriano huko Kolombia, ngamia wa Mongolia. Jirani kabisa, katika jimbo la Wasomali nchini Ethiopia, shirika la Save the Children nalo limekuwa likipeleka vitabu kwa ngamia.

Wanyama wa msafara waliongezeka, na Wajir ikapata wake. Halafu kukaja miaka mizito. Baada ya mashambulizi ya Mandera mwishoni mwa 2014 na Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, walimu wengi wasio wenyeji waliondoka na shule zikabaki na madarasa bila mtu wa kufundisha. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilishindikana mfululizo. Ngamia huvumilia ukame kuliko ng'ombe, ila kambi hutawanyika, na ratiba ya maktaba haina maana kama wasomaji hawajulikani walikohamia.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziweka maktaba na makumbusho kwenye orodha moja ya kazi za kaunti. Waliopanga orodha hiyo huenda hawakuwaza Garissa, lakini hapa vitu hivi viwili vinakutana kweli. Makumbusho ya eneo hili yakitaka kuonyesha jinsi mfugaji alivyobeba nyumba yake, yataweka heeryo, fito na kamba nyuma ya kioo. Ni halali yake. Ningeomba tu pembeni yake liwekwe sanduku moja la vitabu kutoka misafara ya mwanzo, pamoja na rejista ya kuazima ya miaka hiyo, kwa kuwa humo ndimo mlimo na majina ya watoto ambao leo wana miaka arobaini hivi. Vitu hivyo ni vya mbao na karatasi, na Garissa ina mchwa. Afadhali vitafutwe mapema.